Kichwa Kimepasuka, Jicho Limezama, Gauni Limechuja: Kutatua Matatizo ya Midoli ya Kauri

Mtu akibisha hodi kwangu Ukonga na boksi la viatu lililofungwa kamba, najua kilichomo hata kabla hajaketi: kichwa cha mdoli vipande vitatu, au kichwa kizima kisichotamanika. Na mara nyingi mkosaji ameshapatikana njiani, ndani ya daladala. Ni tanuru. Ni umeme. Ni uji wa kauri uliokaa sana bandarini. Mimi huuliza swali lilelile: maji yalikuwa wapi? Kwenye kalibu, ndani ya udongo, kwenye kitambaa, au hewani tu?

Ufundi huu ulikomaa Ujerumani na Ufaransa katika karne ya 19, na maelekezo mengi tunayoyasoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Anayesema "acha kalibu ikauke siku mbili" hajawahi kuianika Dar mwezi wa nne. Ndiyo maana makosa mengi yaliyo hapa chini, nikiyafuatilia hadi mwisho, hunirudisha kwenye unyevu. Si yote, pale tanuru linapokuwa na makosa kweli nitasema.

Tuelewane maneno. Uji ni udongo wa kauri wa majimaji unaomiminwa. Kalibu ni ile ya jasi. Kichwa kibichi ni kilichotoka kwenye kalibu na bado hakijaonja moto.

Kichwa hakitoki kwenye kalibu, au kinatoka kimelegea

Sababu ya kwanza, na mara nyingi ndiyo ya mwisho pia: kalibu ni mbichi. Jasi ndiyo inayonyonya maji ya uji na kujenga ukuta wa kichwa. Ikishashiba maji hainyonyi tena. Iguse kwa shavu, usiitegemee kiganja. Ikiwa ya baridi, ina maji, hata kama kwa macho ni nyeupe pe. Uhakika zaidi unaupata kwa mizani ya jikoni: siku kalibu imekauka kabisa, ipime na uandike uzito ubavuni kwa penseli. Usimimine tena mpaka irudi kwenye uzito huo. Za kwangu wakati wa masika hukaa hata wiki nzima mbele ya feni, vipande viwili vimefungwa pamoja kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili visipinde.

Usiharakishe kwa kuiweka kwenye oveni wala juu ya bati la moto. Jasi ikianza kupita nyuzi 50 hivi inapoteza maji ambayo ni sehemu ya umbile lake, inakuwa unga unga, na kalibu hiyo haitengenezeki tena.

Kama kalibu ni kavu, angalia uji. Unatakiwa uteremke mwepesi kama uji wa mgonjwa. Ukiwa mzito watu huongeza maji, na hapo ndipo Dar inapotukamata: maji ya kisima ya mitaa mingi yana chumvi, na chumvi hiyo huufanya uji ugande kama mtindi hata ukiongeza jagi zima. Tumia maji ya mvua uliyoyakinga safi. Ukiwa bado mzito, ongeza sodiamu silikati tone moja moja huku unakoroga. Tone moja moja, si kijiko: ikizidi, uji unarudi kuganda, na kichwa kinachotoka kinavunjika kama biskuti.

La tatu ni muda. Kichwa kidogo huhitaji dakika tatu hadi tano, ukuta ufike kama milimita 3. Kwangua kidogo kwa kisu kwenye tundu la kumiminia uone unene; saa ya ukutani haijui kalibu yako imekunywa maji kiasi gani.

Vitundu usoni na madoa meusi

Vitundu ni mapovu. Ulikoroga kwa nguvu au ulimimina kwa pupa. Chuja uji kwa soksi ya nailoni, uache utulie usiku kucha, kisha mimina mkondo mwembamba usiokatika.

Madoa meusi yanayotokea baada ya kuchoma ni chuma: kijiko chenye kutu, chekeche kuukuu, au magamba ya waya wa tanuru yaliyodondoka. Pitisha sumaku iliyofungwa kwenye nailoni ndani ya uji, na safisha tanuru kwa brashi laini kabla ya kila mchomo. Doa likishachomwa halitoki. Lifanye kipele cha uzuri ukiweza.

Hapa huwa naulizwa kuhusu Pugu. Kaolini, ule udongo mweupe wa kauri, ipo pale vilimani, karibu nasi, kwa nini tununue uji wa nje? Kwa sababu kaolini peke yake si kauri. Fomula ya zamani ya kauri ngumu ni kama nusu kaolini, robo feldspa na robo silika, na bila hiyo feldspa udongo hauyeyuki ndani ukashikamana. Atakaye kujaribu ajaribu, mimi mwenyewe nimejaribu, lakini asianze na kichwa. Aanze na vigae vidogo vya majaribio.

Nyufa

Hili ndilo lenye maboksi mengi ya viatu. Kabla ya kutafuta sababu, usitupe kichwa. Chukua simu yako, washa tochi, iingize mwanga kwa ndani kupitia shingoni au utosini, uzime taa ya chumba. Kauri iliyoiva hupitisha mwanga kama ganda la yai, na ufa hujitokeza kama uzi mweusi. Halafu kigonge kwa ukucha. Kizima hulia kama kikombe kizuri cha chai. Chenye ufa hutoa sauti ya kufa.

Sasa tazama kingo za ufa, kwa sababu zenyewe zinasema ulitokea lini.

Kingo zikiwa za mviringo na ufa umeachama, ulikuwepo kabla ya moto kukolea. Hapo sababu, kuanzia iliyo ya kawaida zaidi, ni kwamba kichwa kilikauka upande mmoja haraka kuliko mwingine. Feni ilikipuliza uso huku kisogo kikiwa kimelalia gazeti, au kilianikwa juani. Kikaushe kivulini, kimegeuzwa geuzwa, kimefunikwa kitambaa chepesi siku ya kwanza. Sababu inayofuata ni kukiacha ndani ya kalibu kupita kiasi: udongo unasinyaa, jasi haisogei, basi shingo inachanika. Ya mwisho ni mahali ukuta mwembamba unapokutana na mnene, hasa ulipotoboa macho ukakwangua sana upande mmoja.

Kingo zikiwa kali kama kioo na ufa mwembamba kama unywele, ulitokea wakati wa kupoa. Hapo kosa ni la mkono uliofungua mfuniko. Silika iliyo ndani ya kauri hubadili umbo karibu na nyuzi 573, na upepo wa baridi ukiingia wakati huo, au hata baadaye kichwa kikiwa bado cha moto, kinalia "ti!" na kazi imekwisha. Mimi sifungui mpaka kipimo kisome chini ya 100. Wenye haraka wakalale.

Na kikitoka vipande vipande, vingine vimeruka hadi ukutani mwa tanuru? Huo si ufa, ni mlipuko wa mvuke. Kichwa kilikuwa na maji. Kwa macho kilikuwa kikavu, lakini hewa ya Dar haiachi udongo ukauke hadi mwisho. Liache tanuru kwenye nyuzi 80 au 90 kwa saa mbili au tatu, mfuniko umeegemea kipande cha tofali ili upenyo ubaki. Shika kioo kidogo juu ya upenyo huo: kikipata ukungu, maji bado yanatoka. Kikibaki safi, funga na uendelee.

Ufa wa kichwa kibichi usiuzibe kwa uji, utarudi palepale. Kivunje, kiloweke, kirudi kuwa uji.

Kuhusu kusafisha kichwa kibichi, niseme kwa ukali kidogo. Usikisugue kikavu kwa msasa sebuleni. Vumbi lake lina silika, na silika ikikaa mapafuni haitoki. Kichome kwanza moto mdogo, karibu nyuzi 750, kisha kiloweke na ukisafishe ndani ya maji kwa kitambaa cha nailoni. Mistari ya kalibu inaondoka bila chembe kuruka. Ukilazimika kusugua kikavu, vaa barakoa ya vumbi inayobana, si ile ya kitambaa, na pangusa meza kwa tambara bichi badala ya kufagia. Mtu aliyefanya hivi kwa miaka na sasa ana kikohozi kikavu na pumzi fupi, aache kazi na aende hospitali, amweleze daktari kuwa anashika udongo wa kauri. Asijitibu kwa tangawizi.

Tanuru halifiki joto, au kichwa hakijaiva

Uji mwingi wa midoli huchomwa koni 6 (koni ni kipande kidogo cha udongo kinachopinda joto likitosha, na namba yake hutaja joto hilo), karibu nyuzi 1,220, na kichwa kinasinyaa kwa asilimia 12 hadi 15. Ukikuta kimesinyaa kidogo tu, kishuku. Dondosha tone la chai nyuma ya shingo: likinywewa na kuacha doa, hakijaiva. Likibaki juu, kimeiva.

Anza na lisilogharimu kitu: je, ulichoma jioni? Watu wakipika, wakipiga pasi na kuwasha AC, umeme hushuka nguvu. Volti zikitoka 230 zikaenda 207, yaani pungufu ya kumi kwa mia tu, joto la waya linapungua karibu kumi na tisa kwa mia, na tanuru linaweza kukaa nyuzi 1,150 likihangaika hadi asubuhi. Choma usiku wa manane. Pili, punguza mzigo. Rafu zilizojaa hula joto. Tatu, waya za tanuru zimechakaa: ziwashe usiku mmoja taa za chumba zikiwa zimezimwa, ukiona sehemu moja inang'aa na nyingine imepauka, waya umefika mwisho. Weka koni ya ushahidi kila mara, kwa kuwa kipimo cha joto cha tanuru nacho huzeeka.

Na hesabu uniti. Mwaka wangu wa kwanza nilichoma vichwa sita nikiwa nimekagua kila kitu isipokuwa LUKU. Saa saba usiku giza. Nikatoka nje kulaumu, nikakuta majirani wote wana taa zao, na mita yangu inalia peke yake ukutani. Tanuru la kilowati 3 kwa saa nane linaweza kula hadi uniti 24. Uwe nazo mkononi kabla ya kuwasha. Umeme ukikatika kwa sababu yoyote, usifungue mfuniko. Ukirudi, anza tena polepole. Kauri isiyopakwa rangi haina kinyongo, inachomeka mara ya pili. Vichwa vyangu sita vilipona vyote.

Sasa simama. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, plagi ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, swichi kubwa ikikatika kila ukiwasha, au ukigusa bati la tanuru ukahisi mtetemo mkononi, zima kwenye swichi kubwa na usiwashe tena. Hapo si kazi yako wala ya kijana wa mtaani anayefunga feni. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, avute waya wa tanuru peke yake kutoka kwenye ubao. Na tanuru halichomekwi kwenye ekstensheni, hata iwe nene kama mkono wa mtoto.

Rangi ya uso inafutika, inabanduka au imepauka

Swali la kwanza: ulipaka rangi ya kuchomwa, au ile ya kuchorea kwenye karatasi? Rangi ya maji ya shuleni itafutika hata kwa jasho.

Ikiwa ni ya kuchomwa na bado inafutika, haikupata moto wa kutosha. Huchomwa kati ya nyuzi 700 na 790 hivi, koni 018 hadi 016, kutegemea rangi. Irudishe motoni. Ikibanduka kama magamba, uliipaka nene. Nyusi nyeusi ndizo zinazoongoza. Paka nyembamba, choma, paka tena, choma. Ikikataa kukaa sehemu moja tu ya shavu, hapo palikuwa na mafuta ya kidole chako. Pangusa uso kwa spiriti na usiuguse tena. Waridi na nyekundu zikipauka, joto lilizidi au moshi wa mafuta ya rangi haukupata pa kutokea; acha mfuniko wazi kidogo hadi nyuzi 400 hivi na ufungue madirisha ya chumba.

Baadhi ya rangi hizi zina risasi, ile madini. Usinyooshe brashi kwa ulimi, usile mezani hapo, na mtoto asizishike.

Jicho limezama au linatazama pembeni

Tatizo la Desemba hadi Februari. Macho mengi hushikwa kwa nta kwa ndani, na nta hulainika mdoli ukikaa dirishani au ndani ya gari lililoegeshwa juani. Utaona jicho moja limeshuka kidogo, mdoli unaonekana umechoka na maisha. Toa wigi na kifuniko cha utosi, sukuma jicho mahali pake, kisha lizungushie jasi nyepesi badala ya nta. Tia jasi kidogo tu, kwa sababu hutanuka inapoganda na ikijaa inaweza kukipasua kichwa.

Kama jicho halijawahi kukaa vizuri tangu mwanzo, umenunua ukubwa usio wake. Watu hupima tundu kichwa kikiwa kibichi, wakasahau kinasinyaa. Macho, wigi na hata ruwaza ya gauni hupimwa baada ya moto.

Wigi nitapita haraka. Rasta za kusukia zinafaa sana, ni nafuu na zinaviringika ukizifunga kwenye mrija na kuzichovya kwenye maji ya moto. Zichovye kabla ya kuzibandika. Gundi iwe ya kutoka. Supa gluu kwenye kichwa cha kauri ni ndoa isiyo na talaka. Shingo ikilegea, badili lastiki ya ndani, maana joto letu huilegeza. Usiikaze mpaka ilie kama uzi wa zeze, itang'oa ukingo wa shingo.

Nguo: gauni limesimama kama boksi

Kitambaa kina dawa ya kukaza. Kitenge kipya kikitoka Kariakoo kinasimama chenyewe. Kifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mara mbili kabla ya kukata. Kisipolainika, si cha mdoli, kishone mkoba. Khanga laini iliyofuliwa miaka mitano inashuka vizuri kuliko satini ya bei, ila chagua pindo lenye maua madogo. Embe kubwa la khanga kwenye mdoli wa sentimita 40 linafunika kifua chote. Dera la mdoli, kwa mfano, likatwe kwenye khanga kuukuu na mshono uache milimita 4 tu, la sivyo makwapa yanajaa kama mto.

Cherehani likimeza kitambaa, toa sindano namba 14 uweke namba 9 au 11, fupisha hatua ya mshono, na tandika karatasi nyembamba chini ambayo utaichana ukimaliza. Vidole vikinasa kwenye mkono wa gauni, usivute. Vifunge kwa kipande cha nailoni laini, vitateleza. Na acha mgongo wa gauni wazi hadi chini. Nimeunganisha vidole vingi vya watu kwa sababu ya gauni la kuvalia kichwani.

Gauni limechuja rangi kwenye mwili

Nyekundu, nyeusi na buluu ya kiza ndizo wakorofi, na unyevu ndio unaozitembeza. Mdoli hauhitaji kunyeshewa. Jaribu kabla: bana kitambaa cheupe kibichi juu ya kile cha rangi, pitisha pasi. Kikitoka na rangi, fua tena hadi maji yawe safi, au shona bitana nyeupe ya pamba. Doa kwenye kauri iliyoiva linatoka kwa mswaki na sabuni. Kwenye mwili wa kitambaa halitoki, badili mwili.

Madoa ya kahawia ni kutu ya vifungo vya chuma na pini. Kwenye pamba nyeupe, ndimu na chumvi kisha jua vinasaidia. Kwenye rangi usithubutu. Tumia vishikizo vya plastiki au vifundo vya uzi.

Mwili una harufu na ukungu

Ulijaza nini? Sufi ni nzuri na nyepesi, lakini ianikwe juani siku nzima kabla ya kushindiliwa. Wanaotaka uzito huchota mchanga wa ufukweni. Mchanga huo una chumvi, na chumvi huvuta maji kutoka hewani mwaka mzima. Uoshe mara nne kwa maji matamu, uukaange kwenye sufuria kuukuu hadi uache kutoa mvuke, uuache upoe, ndipo uushone ndani ya kifuko chake.

Ukungu ukishaingia, fumua mwili nje ya nyumba ukiwa na barakoa, tupa ulichojaza, fua kitambaa, anza upya. Lakini kama mdoli ni wa zamani, wenye namba au jina la kiwanda limebonyezwa kisogoni, kama Armand Marseille au Simon & Halbig, weka mkasi chini. Usifue, usifumue, usipake rangi mpya wala kung'oa wigi. Ufunge kwenye kitambaa cheupe cha pamba, uuweke kwenye boksi mahali pakavu, na utafute mhifadhi wa vitu vya kale mwenye uzoefu wa kauri na nguo.